Nyuzi kwa Nyuzi: Faiba Inapokutana na Joto

Hotuba hii niliitoa Tanga, mbele ya mafundi wa boti za faiba (nyuzi za kioo au kaboni zilizoshikwa na gundi iitwayo resini), wavuvi kadhaa na wanafunzi wa ufundi. Nimeiandika kwa ajili ya waliokosa kufika. Salamu za itifaki nimezikata. Zilikuwa ndefu kuliko zilivyostahili.

Ndugu zangu mafundi, wazee wangu wa baharini, vijana wangu wa chuo, habari za asubuhi?

Mnaiona chupa hii ya chai hapa mezani. Naomba asije mtu akajimiminia. Ndani hamna chai, mna maji yaliyochemka, na yana kazi yake baadaye.

Kiswahili kimetufanyia mzaha. Uzi wa faiba, wingi wake nyuzi. Kipimo cha joto, nacho tunakihesabu kwa nyuzi, za Selsiasi. Kwa hiyo mteja akikuuliza, "Fundi, hii faiba yako inabeba nyuzi ngapi?", una haki ya kumuuliza: nyuzi zipi, baba? Leo nataka tuzikutanishe nyuzi hizi na zile, tuone nani anamwangusha nani.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana ya wenzangu si yangu kuyasimulia.

Miaka kadhaa nyuma alikuja mteja karakanani anataka kifuniko cha injini ya boti. Injini ya dizeli, ya ndani. Akataka kiwe cheusi. "Cheusi cha kung'aa, fundi, kama gari la waziri." Nikasema hewala. Nikapaka jelkoti nyeusi, lile tabaka la juu la kung'aa, nikatandika mati, yaani mikeka ya nyuzi za kioo, tabaka nne, resini ya poliesta ya kawaida ile ya kwenye pipa. Kesho yake nikakitoa kwenye moldi, keshokutwa kikapanda botini. Kilikuwa kizuri, nasema kweli. Ungeweza kunyolea ndevu pale.

Hiyo ilikuwa mwezi wa kumi na mbili. Mwezi wa pili, kaskazi imekolea, napigiwa simu. "Fundi, njoo utazame kofia yako." Nafika nakuta kifuniko kimebonyea katikati kama kofia iliyokaliwa na mtu mnene. Pembe mbili zimeinuka. Matundu ya bolti yalikuwa duara, sasa yamevutika kama mayai. Na ule weusi wa kung'aa? Ukiinamisha kichwa ukautazama kwa ubavu, unaona alama za mati zimejichora juu, uzi mmoja mmoja, kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Nikaweka kiganja, sikufika hata hesabu ya tatu. Kipima joto cha kulenga kikasoma nyuzi 78.

Sasa nawauliza. Kiliungua? Hakikuungua. Kulikuwa na moshi? Hapakuwa na moshi. Harufu? Wala. Je, nyuzi za kioo zililegea? Ndugu zangu, nyuzi za kioo hizi tunazonunua kwenye mabunda hazianzi kulainika mpaka joto lipite nyuzi 800. Nyuzi za kaboni ndiyo kabisa: kama hakuna hewa ya kuzila, zinavumilia joto linaloyeyusha chuma. Basi nani alilegea pale kwenye boti, kwenye nyuzi 78?

Gundi. Resini. Hiyo ndiyo iliyolegea, na hiyo ndiyo inayolegea siku zote.

Hapa ndipo tunapodanganyika, kwa sababu tumefundishwa kwamba poliesta ikishaganda haiyeyuki tena. Ni kweli. Si kama samli, inayoyeyuka jikoni na kuganda kabatini mara mia. Poliesta ni kama ugali: ukishapikwa haurudi kuwa unga. Lakini nani hapa hajala kiporo cha ugali? Asubuhi ni mgumu, unaukata kwa kisu, unagonga meza. Ukiupasha moto, unalainika. Haukurudi kuwa unga, haukuyeyuka, umelegea tu. Resini iliyoganda ni kiporo cha ugali. Kuna joto ambalo ukilivuka, ile hali ya kioo inaondoka na inakuja hali ya mpira. Wahandisi huandika Tg. Mimi naliita joto la kulegea, na wanafunzi wangu wote wanalijua kwa jina hilo.

Joto hilo ni kiasi gani? Kila pipa lina karatasi yake, isomeni, lakini kwa makadirio ya karakana: poliesta ya kawaida ya bei nafuu huanza kulegea kati ya nyuzi 60 na 70. Poliesta ya daraja la juu, ile inayoitwa iso, inakaribia 90 hadi 100. Vinilesta inavuka 100. Na epoksi? Watu wanaitaja epoksi kama jina la mtakatifu. Epoksi iliyogandia kivulini bila kupashwa inaweza kulegea kwenye nyuzi 55 tu! Epoksi hiyohiyo ya familia moja, lakini ya kuokwa kiwandani kwa ajili ya ndege, inafika karibu 200. Marekani, miaka ya 1970, watu wa NASA kule Cleveland walitengeneza resini iitwayo PMR-15 inayofanya kazi kwenye nyuzi 288 kwa maelfu ya saa, ikaingia mpaka kwenye injini za ndege za kivita. Lakini ndani yake mna kemikali inayohofiwa kuleta saratani, na kuipika ni kazi ya mashinikizo na majoko. Hiyo si ya kwetu, tuiache.

Tazameni tofauti hiyo. Chuma cha nondo kikifika kwenye nyuzi 550 hivi kinabaki na karibu nusu ya nguvu zake. Sisi tunazungumza nyuzi 60. Kile kinachotuharibia kazi hapa pwani hakina miali wala king'ora. Ni jua la saa saba mchana juu ya rangi nyeusi.

Na resini ikilegea, tunapoteza nini? Mzee pale nyuma anajua kamba kuliko mimi. Kamba ya katani ukiivuta, inavuta jahazi. Ukiisukuma? Inajikunja miguuni kwako. Nyuzi ndani ya faiba ni kamba. Kinachozifanya ziweze kusukumwa ni resini iliyozishika ubavuni zisijikunje. Ndiyo maana kipande kilichopata joto unaweza kukivuta ukaona bado kina nguvu, ukakisifu, kisha ukakikandamiza kikajikunja kama nepi. Kifuniko changu hakikuvutwa na mtu. Watu walikuwa wanakikanyaga kupanda na kushuka. Kilikandamizwa.

Wale mnaofanya kazi za majengo, mnaobandika mikanda ya kaboni chini ya mihimili ya zege kuipa nguvu, hili ni lenu pia. Ule mkanda unashikiliwa na epoksi iliyogandia palepale. Mwongozo wa Wamarekani wa zege unataka joto la mahali pale libaki angalau nyuzi 15 chini ya joto la kulegea la gundi. Kama mhimili uko chini ya paa la bati, au juu ya jiko la hoteli, pimeni kabla ya kubandika. Sisemi zaidi, si eneo langu.

Narudi kwenye kifuniko, maana nilipaswa kukirudia bure. Na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo kama mtasahau yote ya leo, naomba hili mlibebe: resini haistahimili joto ambalo haikuwahi kulionja.

Nirudie? Resini haistahimili joto ambalo haikuwahi kulionja. Inaweza kulizidi kidogo, basi.

Kwa nini? Resini inapoganda, chembe zake zinashikana mikono. Kadiri zinavyoshikana ndivyo zinavyokosa nafasi ya kutembea na kutafuta nyingine. Kivulini, kwenye nyuzi 28 au 30, inafika mahali zote zimesimama, na nyingi bado zina mikono mitupu. Ukigonga unasikia ngo-ngo, ngumu. Unaitoa kwenye moldi, unachukua pesa. Lakini ile mikono mitupu ipo. Ukiipasha polepole, chembe zinapata miguu tena, zinatafutana, zinashikana, na joto la kulegea linapanda. Ndiyo maana karatasi nyingi za resini zinakuambia upashe kwa nyuzi 40 saa 16, au 80 saa tatu. Mafundi wangapi hapa wanafanya hivyo? Nyosheni mikono. Nahesabu... wawili. Na mmoja ni mwanafunzi wangu, simhesabu.

Sitawalaumu, kwa sababu nami sikuwa nafanya. Nilikuwa nasema, joko nitalitoa wapi? Mpaka siku ile nimesimama kwenye boti na kiganja kinaniwasha, nikajiambia: joto lililoharibu kazi yangu ni la bure, nalilaumu badala ya kulitumia. Nikarudi, nikatandika kifuniko cha pili kwa resini ya iso, jelkoti nyeupe. Safari hii sikukitoa kwenye moldi. Nikajenga sanduku la mabati chakavu, nikalipaka masizi na rangi nyeusi, nikalifunika juu ya moldi uwanjani, nikaacha mwanya mdogo asubuhi ili joto lipande taratibu. Saa nane mchana kipimo ndani kikasoma nyuzi 64. Siku mbili hivyo. Kifuniko kikiwa bado kimekumbatiwa na moldi, hakina pa kujipinda. Jua lilelile, ndugu zangu! Jua lilelile lililokibonyeza cha kwanza ndilo lililokipika cha pili.

Na msifanye haraka kwa kuzidisha hadina, ile dawa ya kugandisha resini. Nawajua. Mtu anataka kazi igande upesi, anamimina hadina kama anatia chumvi mchuzi wa harusi. Tabaka nene likiganda kwa mkupuo linajitengenezea joto lenyewe kwa ndani. Kila mmoja hapa amewahi kusahau kikombe cha resini kivulini akarudi kukikuta kinafuka moshi na kimepasuka kama tope la kiangazi. Joto la namna hiyo halijengi, linapasua. Na kwa kuwa nimeitaja hadina: hadina na kobalti, ile dawa ya kuharakisha kuganda, visikutane vyenyewe kwa vyenyewe hata tone. Kobalti ichanganywe kwenye resini kwanza, hadina iingie mwisho. Vikikutana vitupu vinalipuka.

Kuna adui mwingine wa kimyakimya, maji. Zile namba za karatasi ni za kipande kikavu. Resini inakunywa maji kidogokidogo, na kila inavyokunywa joto la kulegea linashuka. Epoksi ikishiba unyevu inaweza kupoteza nyuzi 20, 30, hata zaidi. Watu wa ndege wanapima vipande vikiwa vya moto na vimelowa kwa pamoja, kwa sababu ndivyo maisha yalivyo. Sisi boti zetu zinalala wapi? Mchana jua, chini maji, usiku umande. Sisi ndio tunaoishi kwenye kipimo hicho.

Kijana mmoja kaniuliza getini kuhusu katani, nisimpite, maana tuko Tanga na mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani. Uzi wa katani huanza kuharibika ukikaribia nyuzi 200, mbali sana na kioo. Lakini resini imeshalegea zamani kabla ya hapo, kwa hiyo kwa joto la jua katani haina neno. Shida yake ni kiu, inakunywa maji kuliko kioo.

Haya, tuingie kwenye moto wenyewe. Joto la miali.

Tarehe 12 Julai 2013, kwenye uwanja wa Heathrow, London, ndege ya Ethiopian aina ya Boeing 787 ilikuwa imeegeshwa, haina abiria hata mmoja. Ni shirika hilohilo ambalo miezi mitatu kabla, Aprili, lilikuwa la kwanza duniani kuzirudisha 787 angani baada ya ndege hizo zote kuzuiwa kuruka, kwa safari ya Addis Ababa kwenda Nairobi. Ndege hii nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni na resini. Juu karibu na mkia palikuwa na kifaa kidogo cha kutoa ishara ya dharura, chenye betri ya lithiamu. Nyaya zake zilikuwa zimebanwa na kifuniko, betri ikapata hitilafu, ikawaka. Sasa sikilizeni alichoandika mchunguzi wa Uingereza: betri ilipomaliza nguvu zake, moto haukumalizika. Uliendelea kutambaa polepole ndani ya ubavu wa ndege. Unakula nini? Resini. Zimamoto waliingia wakakuta moshi mzito, ikabidi wabomoe dari kuufikia.

Mtasema, kumbe faiba ni kuni! Subirini. Tarehe 2 Januari 2024, uwanja wa Haneda, Tokyo. Airbus A350 ya Japan Airlines inatua, inaigonga ndege ndogo ya walinzi wa pwani iliyokuwa kwenye barabara ya kurukia. Watano kati ya sita wa ndege ndogo walifariki. A350 ikateleza huku inawaka. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni kompositi, yaani nyuzi na resini. Ndani mlikuwa na watu 379. Wangapi walitoka hai? Wote 379. Rubani kiongozi alitoka wa mwisho, dakika kama 18 baada ya kutua. Baadaye ndege ikateketea mpaka kubaki majivu na mabawa. Sifa ya kwanza ni ya wahudumu wa ndege na abiria walioacha mizigo yao, hilo lisipotee. Lakini ubavu wa ndege nao ulishika kwa dakika zile.

Inakuwaje kitu kilekile kiwe kuni na kiwe ukuta? Tabaka la juu la resini linaungua, ndiyo. Linapoisha linaacha nyuzi zake na makaa. Nyuzi na makaa ni blanketi. Joto linapita kwa taabu kwenda tabaka la pili. Aluminiamu yenyewe inapitisha joto upesi, na kwenye nyuzi 660 imekuwa maji. Faiba inaungua tabaka kwa tabaka, kama kitunguu kinavyomenywa. Inakupa dakika. Haikupi saa. Wanorwe walikuwa na meli ya kivita ya kutegua mabomu, Orkla, bodi lake la faiba kwa sababu sumaku ya bomu hailioni. Mwaka 2002 ilishika moto, ikaungua, ikazama. Wazee wa boti, dakika mlizo nazo ni za kuruka majini. Mtungi wa kuzimia moto ukae mlangoni kwa nahodha, usikae nyuma ya injini.

Ipo resini inayopenda kugeuka makaa kuliko kuwaka: fenoliki. Mnayo nyumbani. Ule mpini mweusi wa kikaango, na kishikio cha pasi ya zamani, ni mjukuu wa kitu alichokitengeneza Leo Baekeland mwaka 1907. Ina moshi mdogo, ndiyo maana paneli nyingi ndani ya ndege ni fenoliki na nyuzi za kioo. Ni dhaifu kwa kugongwa, inapasuka, mafundi hawaipendi. Mimi naipenda.

Na waliofika mbali zaidi na makaa ni waliokwenda mwezini. Chombo cha Apollo kilirudi duniani kwa kasi ya kilomita 11 kwa sekunde. Kwa sekunde, si kwa dakika! Ngao yake iliguswa na joto la zaidi ya nyuzi 2,700. Iliundwa kwa nini? Kwa resini ya familia ya epoksi na nyuzi, Avcoat, iliyojazwa kwa mkono kwenye vishimo zaidi ya 300,000 vya sega la nyuki la faiba. Kishimo kimoja kimoja, fundi ameshika bunduki ya kujazia. Mimi nikifikiria fundi yule wa kishimo cha laki moja na moja, mgongo unaniuma. Na ngao ile haikushindana na joto. Iliungua kwa mpango: resini inageuka gesi, gesi inatoka na kulisukuma joto nje, makaa yanabaki kuwa blanketi.

Kwa mpango, nasema. Desemba 2022 chombo cha Orion, safari ya Artemis I, kilirudi salama bila mtu ndani, lakini ngao yake ilikuwa imebanduka vipande vya makaa mahali zaidi ya 100. Uchunguzi ulichukua karibu miaka miwili. Jibu? Gesi ilikosa njia. Ilijaa ndani, ikapasua. Kila anayekaanga maandazi analijua hilo: mvuke usipopata pa kutokea, andazi linapasuka ubavu. Na kila fundi aliyewahi kukausha boti iliyolowa kwa kuiwashia bomba la gesi, akasikia "tap!" na tabaka likavimba mbele ya macho yake, amefanya Artemis yake ndogo. Maji yaliyonaswa ndani yakawa mvuke. Kausheni taratibu, kwa siku, si kwa dakika.

Sasa ile chupa. Hapa nina vipande viwili, upana wa vidole viwili, urefu wa rula. Pipa moja, mati zilezile, siku moja. Cha kushoto kiligandia kivulini. Cha kulia kilikaa siku mbili kwenye sanduku la bati. Nitavilaza kwenye beseni, nimimine maji, tuhesabu dakika tatu, kisha mtu avikunje kwa mkono mwenye glavu. Cha kulia nacho kitalegea kidogo, sitawadanganya, maji haya yana moto kuliko sanduku langu. Lakini cha kushoto... Mama uliyekaa mbele, wewe ulicheka nilipotaja maandazi. Glavu hizi hapa. Njoo, na wengine sogeeni, nyuma hamtaona kitu.